Mkwe Aliyemtazama Baba Usoni: Tunamuaga Sista Jenoveva Magige

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Sista Jenoveva Magige anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi wa afya. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia ndani ya masikio ya watu wa Mara. Kama kuna mtu mzima wa Musoma ambaye hajawahi kuinamishwa kichwa na mkono wake, basi ama ana bahati ama taarifa hazijamfikia.

Aliajiriwa mwaka 1990 katika zahanati moja huko Butiama, ambako muuguzi alikuwa mmoja na kazi zilikuwa zote: mkunga, mtoa dawa, mfagizi, na siku ya gulio msuluhishi wa ndoa. Kutoka hapo alihamishiwa Bunda. Bunda ilimpa uzoefu wa wodi ya watoto, na ilimpa mume. Fundi umeme Emanuel Magige wa Guta aliitwa kurekebisha taa za wodi ile, na kwa sababu ambazo hazijawahi kuelezwa kitaalamu taa zile ziliendelea kuharibika hadi siku ya kutoa posa. Mwaka 2003, baada ya kozi ya masikio huko Moshi, Sista akaletwa kwenye kliniki yetu hapa Musoma, na hajatoka tena.

Alikuta chumba cha kupimia usikivu kimepakana na karakana ya seremala. Kipimo chenyewe kinataka kimya: mgonjwa anavaa vipokea sauti, akisikia mlio mdogo ananyoosha mkono. Wagonjwa wetu walikuwa wananyoosha mkono kwa heshima ya msumeno wa umeme. Viongozi walipanga kuandika barua. Sista hakusubiri barua. Alivuka uzio na chupa ya chai, akakaa na mafundi, na kuanzia siku hiyo kanga nyekundu ikitundikwa kwenye uzio karakana nzima inapumzika. Mafundi waliipenda kanga ile kuliko sisi. Ikichelewa kutundikwa walikuwa wanachungulia dirishani kuuliza kama leo hakuna viziwi.

Vitu alivyotoa kwenye masikio ya watu vingeweza kufungua duka: punje za mahindi, mbegu za pamba, shanga, betri ya saa, na mende mmoja aliyekuwa mzima na mwenye hasira. Lakini kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa ile isiyo na kitu cha kutoa, ya watu ambao sikio lao ni safi kabisa na bado hawasikii. Hao aliwakalisha na kuwafundisha pamoja na ndugu zao, na somo lake lilianza kwa sentensi moja kila siku: sikio ni mlango tu, anayesikia ni ubongo.

Daktari wa masikio Gody, anayetutembelea kutoka Mwanza, aliwahi kumwonyesha kwenye kompyuta picha za vichwa vya watu waliokaa miaka mingi bila kusikia vizuri. Ile sehemu ya ubongo inayopokea sauti ilikuwa imepungua unene, na mawasiliano yake na sehemu nyingine yalikuwa yamebadilika. Daktari alieleza kwa maneno ambayo yalihitaji mapumziko katikati. Sista aliyasikiliza yote, akayachukua hadi kwenye benchi la wagonjwa, na huko yakatoka hivi:

“Ni kama soko la Bunda. Mwenye meza asipokuja, siku ya kwanza jirani anamlindia. Baadaye anaweka fungu moja la nyanya pembeni. Ukirudi baada ya mwaka unakuta meza yote nyekundu, na yeye ndiye anakuuliza, dada, unatafuta nini hapa?”

Ndivyo inavyokuwa kichwani. Sauti zikiacha kuja, sehemu yake haikai bure. Macho yanaanza kuitumia. Mtu anajikuta anasoma midomo na nyuso bila kufundishwa na yeyote, na mara nyingi bila kujua kwamba anafanya hivyo. Kisha lipo la pili. Kukisia maneno kutwa nzima ni kazi, na ubongo unaita msaada kutoka sehemu za kufikiri na kukumbuka. “Umewatoa vibarua wa palizi shamba la juu umewapeleka la bondeni,” Sista alikuwa akisema. “La juu lazima lijae majani. Siyo kwamba limekufa. Watu wake wako kwingine.”

Hakuwahi kuongeza chumvi. Aliwaambia wazi kwamba usahaulifu una sababu nyingi, kwamba mwingine unatokana na ugonjwa wenyewe wa ubongo, na kwamba hakuna mashine ya masikio inayoahidi kumrudishia mtu kumbukumbu. Ila aliwaomba kitu kimoja: kabla hamjasema mzee amechanganyikiwa, hakikisheni kwanza kwamba alisikia. Halafu mkae mbele yake, nuru iwe kwenye uso wenu, msiinamishe kichwa, msipige kelele.

Sasa tufike Guta, maana huko ndiko alikofanya jambo ambalo kliniki hii inalikumbuka kuliko vyeti vyake vyote vilivyoko ukutani.

Baba mkwe wake, Mzee Robert Magige, ni mkulima wa pamba na mfugaji. Ujanani alifanya kazi misimu mingi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, pembeni ya mashine, bila kitu masikioni zaidi ya ukingo wa kofia. Mke wake ni Bibi Boke. Mtoto wao wa kwanza, Magesa, anauza mabati na misumari Nyasura, mjini Bunda. Wa pili ndiye Emanuel, mume wa Sista.

Ilipofika mwaka 2018 familia ilikuwa na wasiwasi na Mzee. Akiulizwa jambo alijibu jingine, au alicheka kidogo na kunyamaza. Aliacha kwenda mikutano ya ushirika wa pamba. Aliambiwa harusi ni lini, kesho yake akashangaa kusikia kuna harusi. Kilichowamaliza ni ng'ombe wa kulimia. Msimu wa kulima ulipoanza, jirani mmoja alikuja kuwaomba, Mzee akaitikia kwa kichwa. Jirani wa pili akaja kuwaomba kwa siku ileile, Mzee akaitikia tena. Asubuhi ya siku yenyewe wanaume wawili walikutana kwenye zizi, kila mmoja na kamba yake, na maneno waliyoambiana hayafai jarida la watumishi. Magesa akasema baba akili zimeanza kuhama.

Mtu atauliza: na muuguzi wa masikio alikuwa wapi? Alikuwa palepale. Alikuwa anakwenda Guta kila mwezi. Lakini kule mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Anapeleka chakula akiwa ameinama, anasalimu sauti ya chini macho yakiwa chini, anaondoka. Akiwa na jambo kubwa anapitia kwa mama mkwe. Sista alikuwa amelelewa hivyo na aliliheshimu hilo kuliko wengi, na kwa miaka yote ya ndoa yake alikuwa anakijua vizuri zaidi kiatu cha Mzee kuliko uso wake. Mtu aliyefundisha mkoa mzima kumtazama asiyesikia, nyumbani kwake alikuwa anazungumza na kiatu.

Wala wanawe hawakuwa na nafuu. Mtoto wa kiume akiwa na jambo zito la kumwambia baba anakaa ubavuni pake, wote wakitazama zizi, na anaongea taratibu akiinama, mkono karibu na mdomo. Ni adabu. Kila aliyekuwa na adabu pale Guta alikuwa hasikiki. Na Bibi Boke, aliyekuwa anamfokea mumewe kwa sauti ya kuvuka barabara, alipoulizwa baadaye kama hakugundua kitu, alijibu: “Huyu hajanisikilizaga tangu anioe. Ningejuaje kama ameanza kutosikia?”

Krismasi ya mwaka ule wote walikusanyika Guta, na Magesa aliitisha kikao cha familia. Shauri lilikuwa moja: Mzee ahamishwe boma lake, akakae nyumbani kwa Magesa Nyasura ambako kuna wa kumwangalia, na boma, zizi na uamuzi wote vishikwe na Magesa. Isieleweke vibaya. Magesa anampenda baba yake. Alikuwa ameshanunua kitanda.

Asubuhi ya kikao alifika Robi, binti wa Magesa, mwenye saluni pale Kabasa. Mjukuu hana adabu ile. Mjukuu na babu ni watani, na Robi utani anaufanya kama kazi ya pili. Alichuchumaa mbele ya kiti cha Mzee, uso kwa uso, akamshika kidevu.

“Mume wangu, hizi ndevu umemwachia nani? Unataka Kabasa waseme Robi kaolewa na beberu?”

“Beberu anakula kwa jirani,” Mzee akajibu papo hapo. “Mimi nakula kwangu. Wewe nani kakupa nywele za farasi?”

“Ni za bei hizi, mume wangu. Ungeweza kuninunulia?”

“Na farasi mwenyewe anajua umezichukua?”

Boma zima lilicheka. Sista, aliyekuwa mlangoni mwa jiko anachambua mchele, naye alicheka, kisha akaacha kucheka. Huyu ndiye mzee ambaye jana yake aliulizwa na Emanuel kama amekunywa dawa akajibu habari za mvua. Alimtazama Mzee, kwa kificho, kama mtu anayeiba. Aliona macho yake hayatoki kwenye mdomo wa Robi. Robi alipogeuka kumjibu bibi yake, uso wa Mzee ulibaki na tabasamu lilelile, lakini halikuwa na mtu ndani.

Kikao kilianza baada ya chakula. Wanaume walikaa kwenye viti barazani, Mzee katikati, macho kwenye zizi. Wakwe walikaa nyuma upande wa jikoni, na miongoni mwao Matrida, mke wa Magesa. Magesa alisema kwa heshima kubwa. Aliinama sana. Alieleza umri, alieleza ng'ombe wa kulimia, alieleza kitanda. Kila alipotua, Mzee aliitikia kwa kichwa. Mwisho Magesa akauliza kama baba ameridhia, na Mzee akaitikia tena, akatabasamu.

“Basi, Mzee ameafiki,” Magesa akasema. Mtu mmoja akaanza kutafuta wa kufunga kwa sala.

Sisi tunaokaa benchi la kliniki tunakijua kichwa kile. Ni kichwa cha mtu asiyesikia anayewaonea huruma wanaomsemesha. Sista amekiona maelfu ya mara, na alijua sasa kwamba baba mkwe wake ametoka kukubali kuondolewa nyumbani kwake bila kujua. Kulikuwa na njia ya adabu: kumnong'oneza Bibi Boke, Bibi Boke amwambie Emanuel, Emanuel aombe nafasi. Sala ingekuwa imeshafika Amina.

Akainuka. Akapita mbele ya shemeji zake, akaenda hadi kwenye kiti, akachuchumaa palepale Robi alipochuchumaa asubuhi. Akainua uso. Akamtazama.

“Baba.”

Mfuniko wa sufuria ulimtoka Matrida mkononi. Bibi Boke alijifunika kanga usoni. “Jenoveva! Unamtazama baba?”

“Namtazama ndiyo asikie, mama.” Hakugeuka. “Baba, wanasema uhame hapa. Ukakae Nyasura kwa shemeji Magesa. Boma na zizi ashike yeye. Umekubali?”

Mzee aliutazama mdomo wake mpaka ulipotulia.

“Nani ahame?”

“Wewe, Baba. Umeitikia sasa hivi.”

“Mimi?” Akawageukia wanawe mmoja mmoja. “Mimi siku hizi nakubaligi kila kitu. Mnainama mnaongea na mchanga, nikaona nisiwaharibie maongezi. Kumbe mnanihamisha! Niende Nyasura kufanya nini, kulinda bodaboda?”

Magesa alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. “Sista, hapa siyo kliniki.”

“Ni kweli, shemeji. Ingekuwa kliniki tungeanza na kumpima.”

Kikao hakikufungwa kwa sala. Kilifungwa kwa makubaliano: Mzee apimwe, atibiwe kama kuna tiba, na pamba ikishavunwa wakae tena. Kama hadi hapo bado hawezi kuendesha mambo yake mwenyewe, kitanda cha Nyasura kinamsubiri. Mzee alikubali, safari hii kwa mdomo. Lakini usiku ule hakuna aliyemsifu Sista. Bibi Boke, ambaye kila mwezi alikuwa anamtumia mihogo, alikaa hadi Pasaka bila kutuma hata mmoja. Sista alituambia kwamba njia nzima ya kurudi Musoma hakuongea na Emanuel, na Emanuel, kwa busara ya fundi umeme, hakugusa waya.

Mzee aliletwa kliniki Januari. Hapo lilitokea gumu jingine. Mkwe kumtazama baba ilikuwa imeshapita; mkwe kumshika baba masikio, hapana. Sista alitoka nje akasimama karibu na kanga yake, na mwenzetu Yunis ndiye aliyepima. Majibu yalikuwa yaleyale ya watu wa viwandani: usikivu ulikuwa umeliwa na kelele za miaka mingi, na uzee ukamalizia sahani. Akapewa mashine za masikio, pande zote mbili.

Wengi wanadhani mashine ikiwekwa, kazi imekwisha. Siku ya kwanza Mzee alisikia kuku wakitembea juu ya bati. Alisikia meno yake yakitafuna. Alisikia zipu. Watu alisikia wanavuma tu. Jioni alimpigia Emanuel simu: “Mmeniletea makelele yote ya Bunda. Maneno mmeyaacha wapi?”

Sista alikuwa analijua hilo. Nyanya hazitolewi mezani siku mwenye meza anaporudi. Ubongo uliokaa miaka bila sauti inabidi ujifunze upya sauti ipi ni maneno na ipi ni bati, na unajifunza kwa kusikia kila siku, miezi kadhaa, kwanza mahali patulivu na mtu mmoja, halafu wawili, halafu kundi. Alimpangia Mzee ratiba. Kila asubuhi, kabla ya kelele za boma, akae na Bibi Boke wazungumze. Bibi Boke alisema hiyo ni adhabu ya watu wawili kwa kosa la mmoja, ila alikaa.

Februari Sista alifika Guta bila taarifa, akamkuta Mzee masikio matupu. Mashine zilikuwa ndani ya kopo la biskuti, limefungwa kwa kitambaa, limewekwa juu ya koti la kanisani. Alikuwa anazivaa Jumapili na siku za wageni. Siku nyingine zilikuwa za kuzitunza, kama sahani zile za maua ambazo kila nyumba ya Bunda inazo na hakuna aliyewahi kuzilia. “Kitu cha thamani hivi,” Mzee akasema, “nikivae kulishia ng'ombe?”

Sista alichuchumaa tena mbele yake. Mara ya pili ilikuwa rahisi kidogo, na Bibi Boke alifunika jicho moja tu.

“Baba, ubongo haujui Jumapili. Ukiupa sauti siku moja, siku sita unasahau. Mavuno yako karibu. Unataka kubaki hapa au unataka kutunza kopo?”

Mzee akanyoosha mkono apewe kopo.

Alivaa shambani. Alivaa zizini. Alizitukana kwa lugha ya nyumbani, ambayo ina nafasi kubwa kuliko Kiswahili, na akaendelea kuzivaa. Machi alianza kutofautisha sauti za wajukuu. Aprili alikaa mkutano mzima wa ushirika na kurudi amekasirika, jambo ambalo Sista alilipokea kama dalili nzuri sana. Huwezi kukasirikia usichokisikia. Na kitu kingine kikarudi ambacho hakuna aliyekitarajia. Aliloambiwa leo, kesho alikuwa nalo. Sista hakudai kwamba mashine zimetibu kichwa. Alisema tu pengine vibarua wameanza kurudi shamba la juu.

Siku ambayo boma zima lilijua kwamba anasikia ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, mgongo kwa jiko. Jikoni, Matrida, aliyekuwa amekuja kusaidia mavuno, alimwambia Bibi Boke kwa sauti ya chini kabisa kwamba uji wa Mzee ni wa jana, umepashwa tu, hatajua.

“Nilishajua kwa kuonja, Matrida,” Mzee akasema bila kugeuka. “Sasa nimejua na kwa kusikia.”

Inasemekana Matrida alipika mwingine mara mbili.

Kikao cha baada ya mavuno alikiitisha Mzee mwenyewe. Viti alivipanga yeye, vyote vikitazama cha kwake. Magesa alikuwa amejiandaa kuzungumza, lakini baba yake alitangulia, na maneno yake, Sista ametusimulia mara moja tu, kwa hiyo tunayaandika kama tulivyoyapokea.

“Ninyi mlikuwaga mnadhani nasahau. Mimi nilikuwaga nadhani mnanificha. Naona midomo inacheza, mkinitazama mnanyamaza. Nikasema basi, wanangu wamenichoka, acha niitikie wasinichukie. Miaka miwili nimekaa katikati yenu peke yangu.” Akamgeukia Magesa. “Kitanda chako kizuri. Nitakuja kukilalia nikija mjini kutembea. Ng'ombe wa kulimia, wewe ndiye uwapangie zamu, miguu yangu imechoka. Hilo nimekupa mimi. Hukuninyang'anya.”

Magesa alilia, mwanaume mzima, muuza mabati. Na hakuinama. Alilia akimtazama baba yake.

Tangu hapo Sista alibadilisha kazi yetu. Kila mzee anayepimwa, iwe hapa Musoma au tukienda na gari Bunda na Butiama, lazima aje na familia, na kabla hajapewa chochote anaombwa aseme mbele yao, kwa mdomo wake: nimewaruhusu mnitazame. Sista hakuwaambia watu waache adabu. Alimwomba mwenye adabu yake ailegeze mwenyewe, na wazee, wakiombwa, hawakatai. Mzee mmoja wa Butiama aliitoa ruhusa hiyo kwa masharti kwamba wakwe wasimtazame akila. Imekubaliwa. Wapimaji waliofundishwa na Sista sasa wanafanya hivyo kama walivyofundishwa kuosha mikono, na mashine zinazokaa kwenye makopo zimepungua sana, ingawa Yunis bado hufanya ukaguzi wa kushtukiza, na kabati la sahani za maua ndilo analolifungua kwanza.

Neno la mwisho ni la mwezi uliopita. Emanuel na watoto walikuwa wameanza kupanga Sista akistaafu akae wapi. Mmoja alisema Mwanza, karibu na hospitali. Mwingine alisema abaki Musoma, amezoea ziwa. Waliyazungumza mezani, kwenye simu, kwenye kundi la familia, kwa upendo kabisa, na Sista akiwa chumba cha pili anakunja sare zake. Habari zilifika Guta. Mzee Magige, ambaye sasa umri wake hata yeye anaukadiria, alipanda gari la asubuhi, akafika Musoma, akapita katikati ya wajukuu bila salamu, akavuta kiti hadi alipokuwa mkwe wake, akakaa mbele yake.

“Mkwe,” akasema, “hawa wanakuhamisha. Umeulizwa?”

Sista alisema hajaulizwa.

“Mimi nakuuliza. Unataka kukaa wapi?”

Alimtazama, akacheka, akajifuta macho kwa sare aliyokuwa anaikunja. Akasema Guta.

“Basi ni Guta,” Mzee akawaambia waliokuwa mlangoni, na akaomba chai.

Kwa hiyo, Sista Jenoveva, kliniki inakupeleka Guta kama ulivyosema mwenyewe. Ahsante kwa masikio uliyoyafungua, kwa wazee uliowarudisha kwenye mazungumzo ya nyumba zao, na kwa siku ile uliyosimama wakati wenzako wanatafuta wa kusali. Mungu akupe afya, mihogo ya Bibi Boke isikatike tena, na katika siku zako zote za mapumziko, kila jambo linalokuhusu uwe wa kwanza kuulizwa.